Bwana Jirani Astaafu: Miaka Thelathini na Moja Kati ya Maduka na Nyumba za Ibada

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, saa ya kufunga ofisi, mtumishi ambaye wengi wetu tulimkuta kazini, na ambaye baadhi ya wakuu wetu walijifunza kazi kwake, atakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kuitumikia Idara ya Mipango Miji kwa miaka thelathini na moja mfululizo. Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya Mkuu wa Idara, maelezo yafuatayo yanatolewa kwa wafanyakazi wote, kwa familia yake, na kwa wananchi watakaohudhuria hafla ya kumuaga, ili kila mmoja afahamu ni mtu wa namna gani tunayemruhusu aondoke.

Katika barua za kiutumishi ana jina kamili pamoja na namba ya ajira. Mitaani anaitwa Bwana Jirani, na hata watoto wa wenye maduka humwita hivyo bila kujua kwamba aliwahi kuitwa vinginevyo. Jina hilo lina asili yake, nayo ni kosa alilolifanya mwenyewe katika mwezi wake wa kwanza wa kazi, ambalo kwa miaka yote hii amekuwa akilisimulia kwa waajiriwa wapya kabla hajawaonyesha hata mahali pa kuweka mikoba.

Alipoajiriwa alikuwa kijana mwembamba, mwenye viatu vilivyong'arishwa kupita kiasi na mkoba wa ngozi aliouazima kwa kaka yake. Kazi ya kwanza aliyopewa peke yake ilikuwa kukagua ukumbi mmoja katika mtaa wa maduka, ambao kusanyiko fulani liliomba kuugeuza kuwa nyumba ya ibada. Kanuni zetu, kwa faida ya wasiozifahamu, hazikatazi ibada katika eneo la biashara. Zinadai kibali maalumu, ambacho hutolewa baada ya kuthibitishwa kwamba waumini hawatawaziba wenye maduka njia, kwamba sauti haitavuka kiwango, kwamba magari yatapata pa kuegeshwa, na kwamba ghorofa ya chini inayotazama barabara kuu itabaki kuwa ya biashara. Kijana wetu alijiambia kwamba ibada ni Jumapili. Akaenda Jumapili, akaketi ukumbini tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakumwona kiumbe isipokuwa mlinzi aliyekuwa amelala. Akarudi, akaandika ripoti nzuri, yenye aya zilizopangika na herufi zilizosimama wima: eneo ni tulivu, hakuna sauti ya aina yoyote, maegesho yanatosha na kubaki. Kibali kikatolewa.

Kusanyiko lile lilikuwa la watu wanaosali Jumamosi.

Jumatatu iliyofuata, fundi saa ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa ukumbi ule aliingia ofisini, lenzi yake ingali imefungwa kwenye paji la uso, akasimama katikati ya mapokezi na kusema kwa sauti: "Nani kati yenu kaandika pale hakuna kelele? Aje akae kwangu! Ngoma ikipigwa, skrubu zinaniruka mezani kama viroboto!" Mkuu wa wakati huo, mtu aliyekuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuadhibu, alimwamuru kijana aende akakae kwa fundi saa Jumamosi nzima. Akaenda, akakaa. Jioni alirudi na kutoa taarifa kwamba skrubu alizokabidhiwa kuzishika zilimponyoka zote, na kwamba moja hadi wakati huo haijaonekana. Shauri lilimalizika kwa ngoma kuhamishiwa ukuta wa upande wa pili na zulia zito kutandikwa chini yake. Fundi saa akanyamaza, na Idara ikampata mtu.

Tangu hapo, kila ombi la nyumba ya ibada lililofika mezani kwake lilipokewa kwa maswali mawili: "Mnasali siku gani?" na "Jirani anasemaje?" Na tangu hapo hakuwahi kukagua ukumbi kwa kuingia ukumbini tu. Saa ya ibada alikaa upande wa jirani. Saa ya biashara kupamba moto alikaa upande wa waumini. Amekaa katika karakana ya kuchomelea vyuma huku akisikiliza mahubiri, na amekaa katika mkeka wa ibada huku akisikiliza mashine ya kusaga nafaka. Aliwahi kunyolewa mara tatu katika mwezi mmoja, kwa kuwa kinyozi aliyepakana na waumini hakukubali mtu akalie kiti chake bila kunyolewa. Mkewe alileta malalamiko ofisini kwa mdomo, nayo yakapokewa kwa mdomo.

Si rahisi kueleza mafanikio yake kwa ufupi, lakini machache yastahili kutajwa. Ni yeye aliyewakutanisha wasimamizi wa msikiti na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, waliokuwa wakishtakiana kila juma kwa sababu ya malori ya saruji kuziba uchochoro saa ya swala ya Ijumaa. Aliwaketisha kwenye mifuko ya saruji yenyewe, akawauliza malori huja saa ngapi na waumini hutoka saa ngapi, ikabainika kwamba walichokuwa wakigombea ni muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Malori yakaanza kuja asubuhi. Wale mabwana sasa ni marafiki, na husemekana kwamba mmoja ameoa kwa mwenzake.

Ni yeye pia aliyebuni utaratibu wa nyumba za ibada kuazima viwanja vya kuegeshea magari vya benki na ofisi zinazofungwa mwisho wa juma, utaratibu ambao miji mingine imekuja kuuangalia. Na ni yeye aliyeiandika upya kanuni nzima katika karatasi moja, kwa lugha ambayo mchungaji, imamu, muuza vitambaa na diwani wote huielewa bila kumwita wakili. Mawakili hawakufurahi.

Kuhusu uadilifu wake, itoshe kusema hivi. Mfanyabiashara mmoja, akiwa na ombi linalosubiri, alituma godoro nyumbani kwa Bwana Jirani mchana akiwa kazini. Alirudi, akalikuta limekwisha kutandikwa. Jioni hiyohiyo alilibeba kichwani mwenyewe, mashuka yakiwa juu yake, akalirudisha dukani kwa miguu, akipita mtaa wote akisalimia watu kushoto na kulia. Mkewe anaendelea kudai shuka moja.

Hata hivyo, wasifu wake hautakamilika pasipo kuelezwa shauri la ghorofa iliyo juu ya duka lilelile la magodoro. Shauri hilo lilitokea mwaka juzi, na ndilo lililompima kuliko mengine yote, kwa sababu mleta maombi alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyo ni kiongozi wa akina mama katika kusanyiko dogo ambalo waumini wake wengi ni watu wa makamo na wazee. Jengo walilokuwa wakisalia lilikuwa limeuzwa, wakatolewa, na kwa msimu mzima walisali chini ya turubai katika uwanja wa shule, wakiloa na kukauka kwa zamu. Ni yeye, kwa miguu yake yenye goti bovu, aliyezunguka duka kwa duka hadi akampata mwenye magodoro aliyekubali kuwapangisha ghorofa ya juu. Aliwatangazia wenzake: "Tumepata pa kuzeekea." Waliamini neno lake, wakapaka rangi, wakaingiza viti, wakafunga mapazia. Kibali peke yake ndicho kilichobaki.

Mlango wa pili kulikuwa na baa. Mwenye baa ni mjane ambaye mtaa mzima humwita Shangazi, kwa kuwa amewalea watoto wa dada zake na wa majirani kwa baa hiyo, na wengine sasa ni walimu. Kanuni inasema kwamba nyumba ya ibada na mahali pa kuuzia vileo sharti vitenganishwe na umbali maalumu, unaopimwa kutoka mlango hadi mlango kwa njia anayopita mtu kwa miguu. Tena leseni ya vileo huhuishwa kila mwaka, na penye nyumba ya ibada yenye kibali, leseni ya jirani haihuishwi. Kwa maneno mengine, kibali kikitolewa, Shangazi anafunga mwisho wa mwaka. Kibali kikikataliwa, wazee wanarudi chini ya turubai, na mama aliyewaahidi pa kuzeekea anarudi nao akiwa ameinamisha kichwa. Na aliyepaswa kwenda kupima alikuwa mkwe.

Bwana Jirani aliandika kuomba aondolewe katika shauri hilo. Mkuu wa Idara alikataa ombi lake kwa sababu za msingi: afisa wa pili alikuwa katika likizo ya uzazi, na muda wa kisheria wa kujibu ulikuwa unakwisha. Iliamriwa akague na kutoa ripoti, ila uamuzi utolewe na kamati ya madiwani, hadharani, pande zote zikiwepo.

Mama mkwe, ambaye hakuwa na habari ya mambo hayo, alifika dirisha la maombi akiwa na furaha. "Mwambieni mkwe wangu nimekuja," alisema, "na asinicheleweshe, nimeacha sufuria jikoni." Bwana Jirani alitoka ndani, akamwamkia kwa kuinama, kisha akamweleza mbele ya foleni nzima kwamba kwa shauri hili hawezi kumpokea chumbani kwake, na kwamba ingefaa achukue namba kama wengine.

"Namba? Mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilipokupa binti yangu nilikupangisha foleni?"

Foleni ilicheka hadi mlinzi akachungulia. Mama alichukua namba. Alikaa kwenye benchi mkoba ukiwa mapajani, na ilipofika zamu yake akairudisha namba dirishani, akaondoka.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, na lilitokana na ule utaratibu wake wa kazi ambao sote tunausifu. Jumapili, saa ya ibada, afisa alipaswa kukaa kwa jirani. Na jirani safari hii ilikuwa ni ile baa. Shangazi, ambaye kwa kawaida hafungui asubuhi ya Jumapili, alimfungulia dirisha, akamwekea kiti na soda, akaendelea kuosha glasi. Ukuta ni mwembamba. Kila wimbo wa juu ulisikika chini. Katikati ya ibada, mwimbaji mmoja wa kwaya alitoka barazani kumbembeleza mtoto aliyekuwa akilia, akatupa macho chini, akamwona mkwe wa mama amekaa baa, chupa mbele yake, saa tatu ya asubuhi ya Jumapili. Habari ilimfikia mama kabla ya sala ya mwisho.

Alasiri alimpigia binti yake simu. Binti huyo, ambaye ni muuguzi na ni mtu wa kusema kweli, ametukubalia kuyanukuu maneno ya mama yake kama yalivyotamkwa: "Mwanangu, mimi nilikuoza kwa mtu au nilikuoza kwa kreti?"

Jibu lilikuwa rahisi, na Bwana Jirani hakulitoa. Ripoti ilikuwa bado haijawasilishwa, na yeye aliona si halali kuzungumza na upande mmoja kuhusu alichokisikia, hata kama upande huo ndio uliomlea mkewe. Alimwambia mkewe maneno machache tu: "Mama atasikia siku ambayo wote watasikia." Kwa hiyo kwa majuma kadhaa mama alipokuja kuwatazama wajukuu, chai iliandaliwa mara mbili katika nyumba hiyo, moja sebuleni na nyingine uani, na wajukuu wakawa wanapeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Sisi wenzake tulimwona akipungua. Kwa mara ya kwanza alisahau mwavuli wake ofisini, na mvua ikanyesha.

Siku ya kamati, ukumbi wa mikutano ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mchungaji alizungumza kwanza, kwa upole, akiomba wazee wahurumiwe. Shangazi aliposimama alikuwa amevaa gauni lake la sherehe. Alisema: "Waheshimiwa, mimi na Mungu hatuna ugomvi. Hata nyimbo zao nazipenda, naosha glasi kwa mdundo wao. Ugomvi wangu ni na huo mlango. Mlango ulinikuta mimi nipo." Diwani mmoja alimuuliza kama hawezi kuhamia kwingine. "Mheshimiwa, wewe kata yako ukiambiwa uhamie kwingine, wapiga kura utawabeba kwa toroli?" Mwenyekiti aligonga meza, ila alichelewa kidogo kuigonga kwa kuwa naye alikuwa anacheka.

Kisha mama mkwe akasimama, akiegemea mgongo wa kiti cha mbele. Hakumtazama mkwe wake. Alisema hajasoma kanuni, lakini anajua maana ya kukaa juani ukiwa mzee, na anajua kwamba watu walimwamini. "Na huyu mpimaji wenu," aliongeza, "nilimpa binti yangu bila kumpima. Leo yeye ananipima mimi hadi kwenye glasi ya baa."

Ndipo Bwana Jirani akaitwa kusoma ripoti. Aliisoma akiwa amesimama, sauti yake ikiwa ileile anayosomea bajeti ya madawati. Alieleza kwamba ghorofa ile ina ngazi ya pili, ya chuma, upande wa uchochoro wa nyuma, ambayo duka la magodoro huitumia kupandishia mizigo. Mlango wa mbele ukizibwa kabisa, na waumini wakaingilia nyuma, mtu anayetoka mlango mmoja kwenda mwingine kwa miguu atalazimika kuzunguka jengo zima na majengo mawili yaliyopakana nalo. Alikuwa amekwenda kupima mwenyewe, akipita pembeni mwa ukuta, mara mbili, na fundi wa manispaa akashuhudia. Umbali unatosha. Nyumba ya ibada inaweza kubaki, na leseni ya vileo inaweza kuhuishwa, bila kanuni kupindwa hata kidogo. Kuhusu sauti, aliripoti kwamba kutoka upande wa jirani nyimbo husikika, ila hazizuii mazungumzo wala biashara, na kwamba jirani mwenyewe hakulalamikia hilo.

Ukumbi ulipumua. Watu wakaanza kushikana mikono. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuinua nyundo yake ya mbao pale diwani mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye huifahamu familia hiyo, alipouliza kwa sauti ya chini: "Bwana Jirani, ile ngazi naijua. Haina paa, na imesimama kama ya kuchumia nazi. Mama mkwe wako na goti lile atapanda vipi?"

Wote waliokuwepo watakumbuka kwamba alikunja karatasi zake kwanza. Kisha akajibu: "Kwa shida, mheshimiwa. Nimeliandika, ukurasa wa mwisho. Nimependekeza mikono ya kushikilia pande zote mbili, na mahali pa kupumzikia katikati. Zaidi ya hapo sikuwa na ngazi nyingine ya kupendekeza."

Kamati ilipitisha ripoti yote kama ilivyoandikwa. Shangazi alilia. Mchungaji alilia. Mama alichukua mkoba wake, akapita mbele ya mkwe wake, akatamka bila kusimama: "Umetupeleka nyuma kama mizigo." Kisha akatoka.

Tunaomba msomaji aelewe kwamba kilichopatikana siku hiyo hakikuwa kidogo. Wazee walibaki na paa. Shangazi alibaki na leseni. Mwaka uliofuata manispaa iliingiza katika kanuni kifungu kinachosema kwamba, kabla ya kibali au leseni kukataliwa kwa sababu ya umbali, afisa lazima kwanza achunguze kama mlango unaweza kuhamishwa, na kwamba gharama ya kuuhamisha ni ya aliyefika baadaye. Maombi mengi tangu hapo yamemalizika kwa kifungu hicho bila mtu kufungiwa. Kifungu hakina jina la mtu, lakini hapa ofisini tunajua kilipatikana kwa gharama ya nani.

Ngazi iliwekwa mikono na mahali pa kupumzikia kama ilivyoamriwa, na kila Jumapili mama akapanda. Alikataa kubebwa, akakubali kushikwa na yeyote isipokuwa jamaa zake. Bwana Jirani naye hakwenda. Amekuwa na msimamo wake tangu ujana, kwamba hasali katika nyumba ya ibada ambayo jalada lake liko mezani kwake. Na kwa kuwa kibali cha nyumba ya ibada katika eneo la biashara hupitiwa upya kila mwaka, jalada la kusanyiko lile halikuondoka mezani. Kwa hiyo miaka miwili mama alipanda ngazi ile bila mkwe, na mkwe alisali mbali, katika mtaa wa makazi, akiwa na mkewe upande wa kulia na nafasi tupu upande wa kushoto. Sebuleni chai iliunganishwa tena, kwa ajili ya wajukuu. Maneno hayakuunganishwa.

Aliyeyaunganisha ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Uchochoro wa nyuma una mlango wa jiko la Shangazi, na asubuhi za Jumapili kreti zake zilikuwa zimeondolewa njiani na sakafu imefagiliwa, jambo ambalo hakuwahi kuombwa. Mama, akipumzisha goti chini ya ngazi, alianza kumwamkia. Salamu zikawa mazungumzo. Na miezi michache iliyopita, kwa mujibu wa Shangazi mwenyewe, mama alimuuliza kile alichokuwa amekaa nacho moyoni muda wote huo: siku ile mkwe wake alikunywa nini.

"Soda, mama," Shangazi alijibu. "Tena hakuimaliza. Mlipoanza ule wimbo wako, ule unaoanzisha wewe, alianza kuimba nao chini kwa chini, macho kafumba. Soda ikapata moto pale mezani. Nikamwambia nikubadilishie, akaniinulia mkono ninyamaze."

Mama, kwa mujibu wa shahidi huyo, alisema tu, "Kumbe," na kupanda juu.

Jumatatu iliyopita alifika katika dirisha la maombi. Alichukua namba bila kuambiwa, akaketi benchi lilelile, akasubiri zamu yake. Karani wa dirisha hilo, ambaye ndiye anayeandika haya, alimuuliza anahitaji huduma gani. Akajibu: "Nimekuja kumchukua mkwe wangu. Nasikia mnakaribia kumaliza naye." Alielezwa kwamba tarehe ni thelathini. Akauliza kama jalada lao litabaki mezani kwake baada ya hapo. Alielezwa kwamba hapana, litakabidhiwa kwa afisa wa pili. Alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, kisha akaagiza: "Basi niandikie, mwanangu. Kwa Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka, asije akapata mahali pa kukataa."

Ombi liliandikwa, na kwa ruhusa yake linanukuliwa hapa kwa ukamilifu: "Mleta maombi, aliye mama mkwe wa mtumishi tajwa, anaomba kwa unyenyekevu kwamba, kuanzia Jumapili ya kwanza baada ya kustaafu kwake, mtumishi huyo afike katika uchochoro wa nyuma kabla ya ibada, awashike mkono wazee wanaopanda ngazi aliyoipendekeza, akianza na mleta maombi, na kwamba wakifika juu asirudi chini, bali aingie na kuketi, nafasi yake ikiwa imekwisha kutengwa." Mkuu wa Idara, ingawa hana mamlaka ya kisheria juu ya jambo hilo, aliandika pembeni: "Nimeridhia." Nakala ilipelekwa chumbani kwa mhusika. Aliisoma, akaisoma tena, akaomba aachwe peke yake kidogo, na tangu siku hiyo amekuwa akitembea korido hizi akiimba chini kwa chini, kwa sauti ambayo sasa sote tunakubaliana kwamba haivuki kiwango.

Bwana Jirani, kwa niaba ya Idara, ya wenye maduka na waumini ambao uliwafundisha kupakana, ya mkeo aliyekuazima kwetu, na ya fundi saa ambaye ametuma salamu na kukumbusha kwamba skrubu yake bado, pokea shukrani zetu zisizo na masharti. Uwe na afya, uwe na siku ndefu zisizo na ukaguzi, na uzione shughuli za wajukuu zako. Na Jumapili hiyo ya kwanza uwahi mapema. Mama hupenda kupanda kabla jua halijawa kali, na amesema safari hii atakuegemea kwa uzito wake wote.